Mtoto wa Wifi Mapajani

Fundi huyu kwa mdomo hakuna aliyemweza. Mteja akileta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu, alimwuliza miguu itakayobaki nje aifunike kwa gazeti gani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe. Yeye alishona sare za shule, mama mkwe akapiga pasi, na wifi yake, kitindamimba wa nyumba hiyo, akatia vifungo. Wachanga wao wawili, wake na wa wifi, walilala mkeka mmoja nyuma ya pazia. Kutwa nzima ilikuwa porojo na vicheko, ila kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo wake haukuligusa kabisa.

Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Alipimwa kliniki akiwa mjamzito, pamoja na mumewe, wakatoka na majibu yaleyale. Muuguzi alimweleza bila kumficha: ameze vidonge kila siku bila kuruka, mtoto akizaliwa apewe dawa yake ya maji kila asubuhi, anyonye ziwa tu, asionjeshwe maji wala uji mpaka atimize miezi sita, na hatari itakuwa ndogo sana. Akafuata yote. Kipimo cha kwanza cha mtoto kikatoka safi.

Mama mkwe aliambiwa ile chupa ya dawa ya mtoto ni ya vitamini. Siku moja redio ilipozungumzia habari hizo, mama huyu alisema, pasi mkononi, kwamba mwanamke wa namna hiyo anyang'anywe mtoto kabla hajammaliza kwa maziwa. Fundi alicheka na wenzake, halafu akashona mkono wa shati kinyume. Kusemwa angevumilia. Alichoogopa ni kunyang'anywa mwanawe.

Basi siku hiyo wifi akapeleka sare shuleni, akisema anaenda na kurudi. Mvua ikashuka, barabara ikajaa maji, akapiga simu kusema magari yote yamesimama. Mwanawe akaamka na njaa. Mama mkwe akambeba, akamtembeza, akamwimbia, wapi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

"Hebu mpe ziwa," mama mkwe alimwambia fundi.

"Wifi hayuko mbali, mama."

"Na mvua hii? Mpe bwana. Kwani mtoto wa mtu baki huyu? Si damu ya mumeo?"

Kwenye benchi alikaa mwalimu mmoja aliyesubiri sketi yake, mwanamke ambaye habari haikulala kwake. "Mimi ningekuwa nayo ningempa," alisema. "Maziwa siyo ya kufanyia mkono wa birika."

"Ya kwangu yenyewe machache," fundi alijibu. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika zamani.

Mama mkwe hakubishana tena. Alimweka mtoto mapajani mwa fundi. Mtoto akanyamaza, akageuza uso kifuani, akaanza kutafuta kwa mdomo juu ya blauzi. Na maziwa hayana adabu: yakashuka yenyewe, blauzi ikalowa pande zote mbili mbele ya macho ya watu.

"Ndiyo machache hayo?" mwalimu aliuliza.

Ningependa kusema fundi hakusita. Alisita. Vidole vyake vilifika kwenye kifungo cha kwanza, vikakifungua. Alijiambia vidonge vinafanya kazi, ni mara moja tu, nani atajua. Kisha akauona ule mdomo mdogo uliokuwa wazi. Mtoto huyu hakuwa na chupa yake ya dawa rafuni, na mama yake hakuulizwa. Akafunga kifungo.

"Mama, naomba tuingie ndani."

Wakasimama kando ya kitanda. Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Huyu siwezi kumnyonyesha. Hanywi dawa."

"Dawa gani? Kwani anaumwa?"

"Ile ninayompa mwanangu asubuhi. Siyo vitamini, mama. Ni ya kumkinga na virusi vyangu."

Mama mkwe alimchukua mjukuu haraka kutoka mikononi mwa fundi, kama anayemwondoa mtoto karibu na jiko. Hilo lilimuuma fundi kuliko tusi lolote.

"Na mwanangu, mumeo?"

"Muulize mwenyewe, mama."

Mama mkwe alielewa. Uso ukamsawijika, akakaa kitandani. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akamwokota na yule mwingine, mtoto wa fundi, akatoka na wote wawili. Fundi alibaki mikono mitupu. Alimsikia akimwambia mwalimu sketi ni kesho.

Wifi aliingia amelowa chapachapa. Mwanawe alilirukia ziwa, akanyonya kwa pupa hata akapaliwa. Wifi akamwangalia fundi, kisha blauzi yake.

"Kweli, wifi? Mtoto amelia hivi na wewe maziwa yanamwagika?"

Fundi alivuta shati la sare, akajifunika kifua.

"Nilimkataza mimi," alisema mama mkwe.

"Wewe, mama?"

"Mimi. Au nirudie?"

Wifi akanuna. Mama mkwe alikuwa bado amempakata mtoto wa fundi, na sasa huyu naye akaanza kulialia. Fundi hakuthubutu kunyoosha mkono. Bibi alimtazama mjukuu usoni.

"Vitamini yake ya leo," aliuliza bila kuinua macho, "ulimpa?"

"Nilimpa, mama."

"Na wewe za kwako?"

"Nimemeza."

Mama mkwe alisogea, akamweka mtoto mapajani mwa mama yake, akamrekebisha kichwa.

"Basi mnyonyeshe," alisema. "Ana njaa."