Chakula cha Mgeni Aliyekuja Kupima

Chuo cha ualimu cha hapa Mbale nilikijua kikiwa madarasa machache ya mabati, na mbuzi wetu wa mtaa wa Namatala wakila majani uwanjani kwake. Leo kinaitwa chuo kikuu kishiriki. Kina maghorofa, na wanafunzi wake wamejaa mpaka mtaa wa Nkoma. Wanawake wa mtaa wetu wanawapikia, wanawafulia, wanawapangisha vyumba. Jioni baadhi ya wanafunzi hao huja uani kwetu kuwafundisha watoto kusoma, bila kudai kitu. Hayo ni mazuri, sikatai. Lakini kitu kikikua karibu nawe, siku moja kitakutaka mtoto. Kwetu kilimtaka mjukuu wangu.

Alikuwa wa kwanza katika kichochoro chetu kuingia pale kama mwanafunzi. Kila mwenye binti alikuwa anamtazama yeye. Jirani yangu mmoja aliniambia bila kupepesa macho, "Wako akifaulu, wangu ataendelea na shule. Akianguka, wangu namtafutia mume." Nikaona mzigo huo ni mkubwa kwa shingo ya msichana mmoja, ila sikumwambia mwenyewe.

Mwaka wa mwisho walimpeleka Jinja, akafundishe shule ya msingi, na mwalimu wake wa chuo aende kumpima akiwa mbele ya watoto. Akianguka hapo, hakuna shahada. Alikaa kwa mdogo wangu, ambaye nyumba yake imepakana na shule. Siku ya kupimwa ilipokaribia nikapanda gari nikaenda huko.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamshwa na harufu ya vitunguu. Mdogo wangu alikuwa amewasha moto, kuku yuko chunguni, na anakoroga unga wa gurusa, ile mikate yetu ya kumimina kwenye chuma. Sisi Wanubi mgeni hapiti mlangoni kwetu na tumbo tupu. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mtoto wako, huyo ndiye kabisa.

"Hiki cha nani?" nikamuuliza.

"Cha mwalimu mkubwa. Atoke Mbale mpaka Jinja kwa sababu ya mtoto wetu, arudi hivi hivi? Watu waniseme?"

Mjukuu alitoka chumbani, shati halijafungwa vifungo. "Haboba," akamwambia mdogo wangu, maana wajukuu wetu humwita bibi hivyo, "nakuomba sana. Haruhusiwi kula kwa mtu anayempima. Ataona tunamnunua."

Mdogo wangu akacheka. "Tumnunue kwa kuku mmoja? Mwalimu gani huyo wa bei rahisi?"

Nikamwambia azime moto. Akasema ndiyo, dada. Mdogo wangu akisema ndiyo upesi namna ile, ujue ni hapana. Nilijua, na bado nikaondoka kwenda shuleni, kwa kuwa sikuweza kukaa mbali na lile darasa.

Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Mwalimu wa chuo alikaa nyuma ya watoto, mtu mwembamba, kola imemkaba. Mjukuu alikuwa anafundisha habari za mizizi, jinsi inavyokunywa maji. Sauti ilikuwa inatetemeka. Kidogo kidogo ikanyooka, na mimi nikaanza kupumua.

Ndipo nikamwona mdogo wangu anaingia getini, sinia kichwani, limefunikwa kwa tabaga, kawa yetu ya kusuka yenye rangi. Nyuma yake majirani wawili, mmoja na birika la kunawia. Nikainuka, nikamzuia njia.

"Rudi!" nikanong'ona.

"Nipishe, dada. Kinapoa."

Akafika mlangoni. "Hodi! Bwana mwalimu, salaam aleikum. Njoo unawe."

Darasa zima likageuka. Mwalimu wa chuo akaacha kuandika.

Niliogopa mambo mawili. Mjukuu wangu anyamaze tu, somo limfie mkononi, au amtukane mkubwa wake mbele za watu. Mjukuu akaja mlangoni, akapiga magoti kwenye saruji kama anavyosalimia nyumbani. "Haboba, hapa niko kazini. Naomba urudishe." Akainuka, akafunga mlango.

Nikamsikia ndani. "Nani amesikia harufu ya kuku?" Kelele, mikono juu. "Hata mimi nimesikia. Basi, tumeshasikia. Mizizi tuliiacha wapi?"

Huku nje mdogo wangu alibaki amesimama na sinia lake. "Amenifungia mlango," akasema. "Mimi."

Somo lilipoisha mwalimu alitoka, akatusalimia kwa heshima, hakuliangalia sinia, akaenda zake. Mjukuu alitoka macho mekundu. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba hawezi kumpa alama peke yake, mtu asije akasema alikula. Wiki ijayo angekuja mwingine kumpima upya.

Wiki hiyo katika nyumba ile hakuna aliyelala vizuri. Mdogo wangu alikuwa haongei na mtoto, na mtoto alikuwa anarudia somo lake hata akiosha vyombo. Nilingoja wagombane, hawakugombana, nikaona hiyo ni mbaya zaidi.

Siku ilipofika, jikoni hakukuwa na moshi. Mdogo wangu alitupa chai ya jana kutoka kwenye chupa, akakaa mlangoni, mikono mapajani. Mpimaji alikuwa mwanamke. Alipita hapo kwa miguu, akasalimia. Mdogo wangu akaitikia bila kuinua uso. Tangu aolewe, sijawahi kuona mgeni akipita mlango ule asiambiwe karibu.

Mchana mjukuu akaja anakimbia, viatu mkononi. "Nimefaulu!"

Nikamshukuru Mungu. Mdogo wangu hakuondoka pale mlangoni.

"Na yule mama," akauliza, "amekwenda hivyo hivyo, na njaa?"

"Amekwenda na njaa," nikamwambia. "Na mtoto wetu ni mwalimu."

Akaanza kulia. Nikamwacha alie.