Seti za Meno Zilizokosa Wenyewe

Kwenye kliniki ile ya meno kila mtu alimwita karani Mama Faili, maana alikaa na makaratasi miaka kumi na moja kabla ya kompyuta kuletwa. Ilipokuja, aliipenda kama mtu aliyepata mchumba ukubwani. Akatengeneza ndani yake majedwali mawili, moja la wagonjwa, jingine la meno ya bandia, na kila seti ya meno ikabeba namba ya mgonjwa wake.

Jumatatu moja asubuhi akakuta seti kumi na tisa zenye namba zisizo na mtu. Daktari, katika kusafisha orodha, alikuwa amewafuta wagonjwa wasioonekana kwa miaka miwili, na hao hawakuwahi kurudi kuchukua meno yao. Mama Faili akafungua kabati. Seti zote zilikuwa rafuni, zikimkenulia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, njoo uone yatima wako!" alimwita fundi wa meno, mdogo wa mumewe.

Mama Faili alitaka kuweka kanuni kwenye kompyuta: meno yasibebe namba ya mtu asiyekuwepo, na mtu asifutwe maadamu meno yake yapo kwenye jedwali. Kompyuta ikakataa katakata. Kwanza yatima wote wapate wenyewe.

Wakafukua mafaili ya zamani, wakapiga simu siku tatu. Watu wakamiminika, naye Mama Faili akawarudisha kwenye jedwali mmoja mmoja. Dereva mmoja alijivalisha seti isiyo yake kabla hajazuiwa, akaongea kama aliyemeza soksi. Wote hoi!

Alhamisi ikabaki seti moja. Fundi akaigeuzageuza.

"Ah! Yule bibi mshonaji! Aliniomba jino la mbele nilipinde kidogo, lifanane na lake la zamani."

Bibi akaja, akavaa, akajitazama kwenye kioo. "Jamani, ndiye mimi!" Akapiga kigelegele.

Mama Faili akamrudisha naye kwenye jedwali, akaiweka kanuni tena. Ikapita.

"Daktari, hebu mfute bibi."

"Nimfute? Mbele ya macho yake?"

"Wewe futa tu."

Daktari akabonyeza. Kompyuta ikagoma. Akabonyeza tena. Wapi!

"Kumbe sing'oki!" bibi akacheka, kinywa wazi. "Jaribu tena, mwanangu!"

Akajaribu, na waliokuwa kwenye foleni wakahesabu kwa sauti: tatu! nne! tano! Mama Faili alikuwa ameketi sakafuni, machozi ya kicheko yakimtiririka, na hakuna aliyekumbuka kumwita mgonjwa anayefuata.