Mkandaji Ambaye Bima Haikumtambua

Siku Alphonce alipomwona Melania kwa mara ya kwanza, yeye Alphonce alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga wa Kagunga, hawezi kuinuka. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi Warundi walipojaa kijijini hadi pa kukanyaga pakakosekana. Alphonce, mlinzi wa halmashauri, alitumwa kulinda matangi ya maji tu. Lakini ukimwona mama mgonjwa anashindwa kupanda boti ya kwenda Kigoma, utakunja mikono? Alibeba watu tangu asubuhi, mpaka kiuno kikagoma.

Mjane mmoja wa hapohapo, mnene, ndiye Melania, akapiga magoti pembeni yake, akampaka mawese mgongoni na kumkanda.

"Wewe ni mwanaume au gunia?" alimwuliza. "Legea."

Alphonce aliinuka kwa miguu yake. Alipofungua mdomo kushukuru, Melania alimkata jicho.

"Kwenu hawakukufundisha? Dawa haishukuriwi. Unataka maumivu yarudi?"

Alphonce aliona aibu. Hata kwao Kalinzi ndivyo ilivyokuwa.

Elinipa, mtaalamu wa viungo aliyehamishiwa Kigoma kutoka Upareni, aliyaona yote hayo. Wagonjwa wa migongo walikuwa wamemlemea katika hospitali yake mjini, akamchukua Melania amsaidie. Melania akapanga chumba mtaa wa Rusimbi. Tangu hapo daktari wa hospitali aliandika matibabu, Melania alikanda, Elinipa alitia sahihi kwamba amekanda yeye, na bima ya afya ikalipa. Bila mikono ile Alphonce, ambaye kiuno hakikupona kabisa, asingeweza kusimama lindoni, na bila kazi ile Melania hakuwa na pa kula. Wote walijua bima hailipii mkandaji asiyesajiliwa. Hakuna aliyelisema.

Kisha mkaguzi wa bima akaja bila taarifa. Alikuwa Dainess, dada wa sauti ya chini, Muha mzaliwa wa Kidahwe. Alphonce alikuwa tayari kitandani. Melania akadaka ufagio. Elinipa akapandisha mikono ya koti na kuanza kukanda.

"Shikamoo, mama," Dainess alimwamkia mwenye ufagio.

"Marahaba."

Elinipa alijua kazi yake, lakini siku hiyo vidole viligusa na kukimbia. Alphonce alikaza meno. Alitaka kusaidia, naye hakuwa mtu wa maneno. Alipomaliza kuvaa shati, akainama kwa adabu.

"Asante sana, dokta."

Ufagio ukasimama.

Dainess akamgeukia. "Mzee, wewe Muha wa wapi?"

"Wa Kalinzi."

"Bibi yangu angenichapa kwa neno hilo. Ungekuwa umetibiwa, usingeshukuru. Siku zote anakukanda nani?"

Alphonce alitazama vidole vya miguu yake. Akisema, Melania anafukuzwa. Akidanganya, ataulizwa tena, na hakuwa na uongo wa pili. Jasho lilimteremka hadi kwenye mkanda wa suruali. Elinipa alikuwa amegeukia dirisha.

"Mwache, mwanangu," Melania alisema, akauegemeza ufagio ukutani. "Huyu hata ukweli anauogopa, sembuse uongo. Namkanda mimi."

"Una cheti, mama?"

"Sina. Nilifundishwa na mama mkwe."

Dainess alishusha pumzi. "Sisemi hujui kazi. Ila bima inamlipa aliyesajiliwa. Kuanzia leo usimguse mgonjwa humu ndani. Dokta, wewe utanieleza ofisini."

Melania alitia mkobani kanga zake na chupa ya mawese. Alphonce alimfuata hadi getini. Alitaka kuomba radhi, akaishia kuushika mkoba amsaidie kuubeba.

Melania akamnyang'anya.

"Toa mkono, utakitonesha kiuno. Mimi narudi Kagunga, wewe nenda kwa Elinipa kesho. Anajua kazi, mwambie tu asikuogope."