Asali ya Ausi

Ausi wa Mkange, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo, sasa hakufika hata kisimani bila kupumzika. Maji alikunywa mtungi mzima, mwili ukakonda, na kidonda cha unyayoni kikakataa kufunga. Kila alfajiri Mina, mkewe, alimnywesha asali. Asali ni dawa, nani asiyelijua hilo?

Asubuhi moja akifagia uani, Mina aliona sisimizi wamejaa pale mumewe alipokojoa, kama walivyozoea kujaa kwenye kibuyu cha asali. Ufagio ukamdondoka.

Siku hiyo hiyo akaificha asali, akampikia uji wa mtama mtupu na mchunga, ile mboga chungu ya porini.

"Unaninyima dawa?" Ausi alifoka. "Una hamu ya kukaa eda?"

Majirani nao wakamsema Mina, tena si kwa siri.

Baada ya miezi miwili kiu ilipungua, Ausi akashika tena jembe.

"Mke wangu mbishi," akamlalamikia jirani. "Angenipa asali yangu, ningekwisha kupona kabisa."

Mina aliinamia chungu chake. Vibuyu vitatu vya asali alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Angemwambia kwa mdomo gani?