Mtoto Mzima Namba Kumi na Saba

Wifi yangu hatembei na watu, hutembea nyuma yao. Ukitoka naye kwenda dukani, geuka utamkuta yuko hatua tano nyuma, macho kwenye visigino vya mtu asiyemjua. "Huyo mama nyonga yake ya kushoto imechoka," atakwambia. "Yule kijana alivunjika mguu zamani, ukaungwa vibaya." Siku ya harusi ya binamu yake, bibi harusi anaingia, watu wanapiga vigelegele, yeye ananinong'oneza sikioni: "Viatu si vyake vile." Na kweli vilikuwa vya kuazima. Nyumbani tunamwita Fundi Miguu, wala hakasiriki.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Hakuolewa na hakulilia ndoa. Hospitali aliingia akifua mashuka, akahamishiwa chumba cha mazoezi kubeba magodoro, akajifunza kwa kutazama, mpaka wakubwa wakaona haya wakampeleka kusoma. Akarudi na cheti cha msaidizi wa tiba ya viungo. Mwaka wa ishirini na mbili sasa anainua watoto wa watu. Mimi nauza samani zilizotumika, na katika biashara yangu sifa ni ujanja wa kupandishia bei, kwa hiyo namheshimu kwa jambo moja: hajawahi kusifia kitu changu ili kunifurahisha. Kabati likiwa bovu atasema bovu, tena mbele ya mteja.

Ndiyo maana siku aliponyamaza, nilishtuka.

Hospitalini kwao kulikuwa na utafiti. Walikuwa wanapima watoto wenye miguu dhaifu, wanavyotembea, wanavyokimbia, wanavyoinuka kutoka sakafuni. Lakini kilichopinda hukijui bila kilichonyooka cha kulinganishia, hivyo walihitaji pia watoto ishirini wasio na tatizo lolote. Kwenye daftari waliandikwa hivyo hivyo: Mtoto Mzima namba moja, Mtoto Mzima namba mbili. Walikuwa wamefika kumi na sita, na wazazi wameanza kupiga chenga.

"Nikopeshe Bondia," wifi akaniambia.

Bondia ni mwanangu, ana miaka mitano na nusu. Jina alipewa na majirani kwa ajili ya miguu yake. Mashavu ya miguu yamejaa, magumu kama mpira uliotoka kujazwa upepo. Watu walikuwa wakiyabinya njiani. "Mama, huyu umezaa mchezaji!" Nami natabasamu kama mwenye duka.

"Anapata nini?" nikauliza.

"Juisi na fulana."

"Na mimi?"

"Wewe unapata thawabu."

"Thawabu sina pa kuiweka. Vile viti vya zamani vya ofisini kwenu, siku vikitolewa niambiwe wa kwanza."

"Wifi, wewe hata mtoa roho akija utamwambia apunguze." Akacheka mpaka akashika ukuta. Viti sikuahidiwa. Mtoto nikampeleka.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, zamani stoo. Sakafuni walibandika utepe wa njano wa mita kumi. Kulikuwa na kamera tatu juu ya vyuma, godoro la mazoezi pembeni, na meza moja ambayo mimi ningeitupa. Wifi alimbandika mtoto vidude vidogo vinavyong'aa nyongani, magotini na kwenye vifundo. Bondia akajiona nyota. Alitembea juu ya utepe akidundadunda kwa ncha za vidole kama kawaida yake, akakimbia, akataka kurudia.

"Sasa lala chali hapo," wifi akamwambia. "Nikisema haya, inuka upesi uwezavyo. Haya!"

Mwanangu akajigeuza kifudifudi. Akasukuma makalio juu, mikono bado sakafuni. Akaivuta mikono karibu na miguu. Akashika goti moja, kisha la pili, kisha paja, akajipanda mwenyewe kama mtu anayepanda mti, mpaka akasimama. Halafu akacheka, akatungojea tumpigie makofi.

Nilipiga mimi peke yangu.

Penseli ya wifi ilikuwa hewani. "Rudia, baba," akasema. Akarudia. "Mara ya mwisho." Safari hii alichuchumaa kando yake, akaweka kiganja kwenye lile shavu la mguu, akalibinya polepole. Nikachungulia karatasi. Mtoto wa namba kumi na sita, msichana wa miaka minne, aliinuka kwa sekunde mbili. Mwanangu nane.

"Kamera imegoma," wifi akasema. "Pumzikeni nje kidogo."

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Mimi nimekula maisha yangu yote kwa kumjua mtu anayenidanganya kuhusu mali, na huyu alikuwa hajui hata kudanganya. Nilimpa mtoto juisi yake, nikamkalisha kwenye benchi, nikamfuata wifi ukumbini.

"Sema."

"Siruhusiwi kutaja ugonjwa. Mimi si daktari."

"Sikukuuliza cheo, wifi. Nimekwambia sema."

"Alianza kutembea lini?"

"Mwaka na miezi minane. Mvivu kama kaka yako."

"Huanguka?"

"Mtoto gani haanguki?"

"Na ngazi? Za pale kwenu, anapandaje?"

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Nikamweleza ukweli, kwamba hushika chuma kwa mikono miwili na kujivuta ngazi moja moja, makusudi, ili nichoke nimbebe. Nikamwambia sikubali upuuzi. Kwamba juzi tu nilimshusha nikampandisha mara tano mfululizo, analia, ili ajue mama hachezewi.

Wifi akaziba mdomo kwa mkono.

Miaka yote sijawahi kumwona akifanya vile. Watoto waliovunjika mgongo amewashika, maiti amezipisha njiani bila kukatisha maneno, leo anaziba mdomo kwa ajili ya ngazi zangu.

"Usirudie," akasema. "Hata mara moja."

"Kwani ana nini? Umeiona miguu yake? Nguzo!"

"Ule unene si nguvu. Ule ndio unaoniogopesha." Sauti yake ilishuka. "Misuli inaharibika, panapoharibika panajaa vitu vingine, mguu unanenepa. Apimwe damu leo. Nitakupeleka mwenyewe kwa daktari, sasa hivi."

Nilipigwa na butwaa, na mimi nikipigwa na butwaa hugomba. Nikamgeukia kama aliyeniuzia kitu kibovu. "Unamwona kila Jumapili! Viatu vya bibi harusi uliviona, nyonga za wapita njia unaziona. Mtoto wa kaka yako hukumwona?"

"Kabla ya leo sijawahi kumwona akitembea," akasema.

Nikamtazama.

"Mkifika mlangoni nambeba. Nambeba mpaka mezani, akimaliza kula nampakata, mkiondoka nambeba mpaka chini barabarani. Miaka mitano, wifi. Sijawahi kumweka chini."

Kiti kilichoungwa kwa gundi mimi nakijua kwa kukikalia mara moja. Hiyo ndiyo inayonilisha. Na mtoto huyu nimemzaa, nimemwogesha, nimemsikia kila asubuhi akijishika magoti akiinuka kitandani, nikaona ni mtindo wake.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na adabu nyingi. Majibu ya damu yalipotoka aliyasoma, akaifuta miwani, akayasoma tena. Kuna kitu, alisema, ambacho huvuja kwenye damu misuli inapovunjika. Cha mwanangu kilikuwa karibu mara sabini ya kawaida. Atatuma kipimo kingine cha kuthibitisha, lakini hakuwa na shaka. Kisha akauliza, "Upande wako wewe mama, kuna mwanaume aliyeacha kutembea akiwa bado mtoto?"

"Kwetu? Hakuna. Labda mjomba, na huyo alifariki kwa homa kabla sijazaliwa."

"Muulize mama yako."

Nilipiga simu pale pale, mbele yake na wifi.

"Mama, yule kaka yako aliyefariki. Alikuwa anatembea?"

"Kwani umeota nini mchana huu?"

"Nijibu, mama."

"Alitembea kama watu. Baadaye miguu ikamgomea, baba akawa anambeba. Tuliambiwa alipatwa na kijicho cha watu. Mambo ya zamani hayo, tuliagizwa tusiyataje."

"Alikuwa na umri gani?"

"Tisa, kumi. Alifariki akiwa na kumi na saba."

"Na miguu yake ilikuwaje?"

Mama akacheka kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri. "Mizuri! Imejaa kama ya Bondia wetu. Alipozaliwa mwanao nikasema, kaka yangu amerudi."

Nilikata simu bila kuaga. Mama yangu mzazi, sikumuaga. Daktari alikuwa anaendelea kueleza kwamba ugonjwa hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume, kwamba si kosa la mtu. Sikumuuliza kosa la nani.

"Atatembea mpaka lini?" nikauliza.

"Wengi huacha kati ya miaka tisa na kumi na tatu. Kuna dawa ya kupunguza kasi. Kuna mazoezi ya kunyoosha misuli, na vifaa vya kuvaa miguuni usiku."

"Tufanye kumi na tano."

"Mama, siwezi kukuahidi."

"Sijakwambia uahidi. Nakwambia bei yangu."

Akamtazama wifi, wifi akatazama sakafu. Katika kazi yangu mtu akikataa namwacha, naondoka polepole, naye hunirudisha. Niliinuka, nikafika mlangoni. Hakuna aliyeniita. Nikarudi mwenyewe nikakaa.

Kabla hatujaondoka, wifi alilichukua daftari la watoto wazima. Aliweka rula chini ya namba kumi na saba, akapiga mstari mmoja. Kisha akafungua daftari la pili, lile la wenye miguu dhaifu, akaliandika jina la Bondia kwa herufi zilezile nadhifu kama za kwenye cheti. Fulana alimpa. Bondia akaivaa juu ya shati, akauliza kama ameshinda.

"Umeshinda," wifi akasema, akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake kama kawaida. Mlango ukafunguliwa, mtoto akainua mikono juu, tayari kubebwa. Wifi alikuwa amesimama mbali, hatua sita ndani ya chumba, mikono kaifunga kifuani kwa nguvu.

"Tembea uje," akamwambia.

"Shangazi, nibebe."

"Tembea uje, baba. Nakuangalia."

Akaenda kwa ncha za vidole vyake. Wifi alimtazama kila hatua kwa lile jicho lake la barabarani, na alipofikiwa hakumbeba, alikaa naye chini. Kisha akaniita nikae pia, akanifundisha. Kisigino kwenye kiganja, mkono unasukuma unyayo kuelekea juu, goti lisikunjwe, hesabu thelathini, kila mguu mara tatu, kila siku ya Mungu.

Nikaushika mguu wa kulia. Nilikuwa naogopa kuushika.

"Inauma," Bondia akasema. "Hesabu kumi."

"Thelathini."

"Kumi na mbili."

"Hujui biashara wewe. Thelathini."

"Mama, mbona huteremki? Ishirini, na kesho nafanya bila kulia."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubali. Wifi akaniwahi. "Usimpe ishirini, wifi! Ni thelathini, haina punguzo."

Mtoto akamgeukia, uso umekunjamana. "Shangazi, usiingilie maongezi ya watu. Mama, ishirini na tano, neno la mwisho."

"Thelathini," nikasema, nikausukuma unyayo juu. "Moja."

"Mbili," akasema kwa hasira, na kuanzia hapo akahesabu haraka kuliko mimi.