Kitabu cha benki nilichowaonyesha akina mama

Nikisimulia hili huwa naangalia chini hata leo, maana aibu yake haijapoa. Nilipopunguzwa kazini Tabora nilipanda treni hadi Dodoma, kisha basi juu ya basi, siku tatu, mpaka kwetu Mkuu, Rombo, nikiwa na begi moja na kitabu changu cha benki (kiinua mgongo nilishakimaliza kwa marafiki na kutangatanga, ila hilo nililijua mimi tu).

Kwetu kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Baba alishafariki, bei ya kahawa imeanguka, na mama alikuwa akiweka fedha za ndizi kwenye chama cha akina mama, akiba ya uzee wake. Mimi nikaitaka akiba hiyo nifungue kibanda cha mitumba mjini, mtaa wa Majengo, nikaona nikiwaeleza mambo ya benki kwenye kikao chao, mama hatanikatalia mbele ya wenzake.

Wakakaa uani kwetu, nikasimama, nikawaambia fedha za ndizi ni za chumvi tu, mwanamke hajui kuzizungusha, amwachie mwanaume, na ili waniamini (hapa ndipo nilipojimaliza) nikachomoa kitabu changu wakipitishe, nikidhani wataishia kwenye jalada.

Mama Anjela, mweka hazina wao, alilamba kidole akafunua mpaka mwisho.

"Mwalimu wetu wa benki," akasema, "ukiacha mstari wa kwanza, humu kote ni kutoa tu. Na huku chini pamebaki sifuri."

"Labda hicho ndicho cha chumvi!" mwingine akadakia, wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Mama peke yake hakucheka. Alikichukua, akakifuta kwa khanga, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayenipa pole ya msiba.

Wiki ile ile niliondoka. Mama alinisindikiza stendi akanishikisha nauli.

"Hii ni ya maziwa, Venansi. Ile ya uzee siigusi. Sasa nimejua nitazeeka peke yangu."

Nikaipokea, nikapanda basi. Sikurudi kuishi kule tena, na popote ninapofika, nikiwakuta akina mama wamekaa na daftari lao, navua kofia, napita kimya.