Uso Ambao Sikuufundisha

Mama alinikataza kuchora macho. Nilikuwa mdogo, tunaishi Sindeni, nachora watu kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, naye akipita na kitambaa cha kuepulia sufuria anafuta nyuso tu. Mwili anauacha. "Siku ya kiama utaambiwa uwatie roho hao," ananiambia. "Utaitoa wapi wewe?" Basi nikazoea. Nikachora migongo, mikono, ndoo, majembe, na mahali pa uso nikaacha rangi tupu. Leo mimi ni mtu mzima, nachora ili nile, nauza picha kwenye hoteli za Lushoto, na watu wangu bado hawana nyuso. Mteja mmoja alinisifu, akasema ile ni falsafa. Nikamwitikia, nikachukua hela yangu. Falsafa gani, ni woga wa mama.

Mama alifariki mwaka juzi. Picha hakupenda. Akiona simu inainuliwa anavuta mtandio mpaka puani, na ukimbembeleza sana anaondoka zake. Kadi ya kura ndiyo ilikuwa na sura yake, lakini alizoea kuifunga kwenye pindo la khanga, jasho likaila. Siku za msiba tulipoitafuta tulikuta doa la kijivu. Wakati ule sikujali. Nani asiyeijua sura ya mama yake? Mwaka huu sasa, naosha vyombo, nikataka kumkumbuka akicheka. Nikapata sauti, nikapata mikono, nikapata harufu ya moshi kwenye khanga. Uso haukuja. Niliacha vyombo nikakaa sakafuni. Sijawahi kuogopa vile.

Naishi peke yangu, chumba cha kupanga huku Ngombezi, karibu na mashamba ya mkonge. Sina mume wala mtoto, na mama hakuzaa mwingine. Kwa hiyo huku sikuwa na wa kumuuliza, hivi mama pua yake ilikuwaje? Swali kama hilo unamuuliza nani, muuza mkaa?

Ndipo nikaona kwenye simu video ya mtu anayeeleza namna ya kuifundisha akili mnemba kwa picha zako mwenyewe. Unaipa kazi zako, inajifunza mkono wako, halafu unaiagiza kwa maneno nayo inachora kama umechora wewe. Wenzangu wanaitumia kuharakisha kazi. Mimi niliwaza jambo moja tu. Wanawake wote niliowachora maishani ni mama: anayelima, anayechota maji, anayepepeta mahindi. Mashine ikiwaona wote kwa pamoja labda itamjua, na ikimjua nitaiambia imgeuze anitazame. Tena macho itakuwa imechora yenyewe, si mimi. Hapo nilijiona mjanja kweli.

Nikatandika mkeka uani, nikazipanga picha juani, nikazipiga kwa simu moja moja. Chini ya kila picha mashine inataka uandike kinachoonekana. Nikaandika: mama analima. Mama anatoka kisimani. Mama ameketi, anachambua mboga. Jirani akapita, akaniuliza, "Dada, unaanika nini leo?" Nikamwambia naanika mama. Akacheka akaenda zake, na mimi nikatamani angekaa kidogo.

Bando likaisha, nikanunua jingine, mwishowe mashine ikasema tayari. Nikaandika: mama anatembea njiani. Akaja. Jamani, alikuja. Khanga imefungwa vile vile, bega la kushoto limeshuka kidogo, kisigino kimeinuka. Njia ile sijawahi kuichora, lakini mkono ulikuwa wangu kabisa. Nikaandika: mama amegeuka, anatazama huku. Akageuka. Mahali pa uso palikuwa laini kama kiazi kilichomenywa.

Sasa nimlaumu nani? Nimeifundisha mwenyewe. Pale kwenye simu kuna kamstari ka kusogeza kwa kidole, unaongeza au unapunguza kiasi ambacho mashine itafuata mkono wako. Nikapunguza. Uso ukaja, lakini wa msichana wa tangazo la sabuni, meno yote nje. Nikapunguza tena, akazidi uzuri na akazidi ugeni, hata khanga ikageuka gauni. Nikiongeza, anarudi mama na uso unaondoka. Nilishinda siku nyingi kwenye kamstari kale, mbele, nyuma, huyu siye, na huyu siye, naongea peke yangu chumbani mpaka chai inapoa.

Asubuhi moja, katikati pale, akatokea mmoja. Paji pana, macho yamechoka, mdomo umefungwa kama wa mtu anayezuia kicheko. Nikasema, "Shikamoo mama," kwa sauti kabisa. Halafu nikasubiri niwe na uhakika, na uhakika haukuja. Huenda ndiye. Huenda ni mwanamke yeyote tu aliyechoka. Niliona aibu, mtoto gani anashindwa kusema huyu ni mama yangu au siye?

Nikaenda duka la stesheneri Korogwe nikachapisha picha mbili, huyo mwenye uso, na yule wa kwanza anayetembea njiani kwa kuwa nilimpenda tu. Nikapanda basi la Handeni, nikashuka Sindeni, nikaenda kwa mama mkubwa. Si ndugu wa damu, ni jirani aliyelima na mama tangu wakiwa wasichana, na katika rika lao amebaki yeye.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko Ngombezi mnakula mkonge?"

Akanipa muhogo wa kuchemsha, akanitazama mpaka nikaumaliza. Ndipo nikampa ile picha yenye uso. Akaishika mbali na macho, akaileta karibu, akairudisha mbali.

"Mzuri," akasema. "Ni nani?"

Nikamwambia ni mtu tu. Muhogo wote nikauona hauna maana. Nikaanza kuirudisha kwenye bahasha, ile nyingine ikaponyoka ikaanguka kwenye jamvi, akaiokota yeye. Hii hakuisogeza mbali wala karibu. Akatamka jina la Kizigua ambalo walikuwa wakiitana wao wawili tu, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu msibani. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na yule wa kwenye karatasi.

"Unakwenda wapi," akamuuliza, "mbona hunisubiri?"

Tukakaa hivyo, wawili, tukiitazama. Najua ni mashine. Najua uso sikuifundisha. Hata hivyo nilikuwa nimezuia pumzi, nangoja ageuke.